Ukipotea katika pori la miombo: maji kwanza, kisha mtego wa jiwe

Aliyepotea porini kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, au upande wa Kipushi, huku Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, hafi njaa katika siku tatu za kwanza. Kinachommaliza ni kiu, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya usiku. Basi usiguse mambo ya nyama kabla ya kupata maji na moto.

Maji yatafute kwenye dembo, lile bonde la majani lisilo na miti. Hata kiangazi, pale majani yalipobaki mabichi, udongo mweusi wa chini bado una unyevu. Chimba nusu mita hadi mita moja, acha shimo lijae, yamwage, lijae tena, yamwage tena. Ya mara ya tatu yachuje kwa kitambaa na uyachemshe mpaka yatokote dakika nzima. Ila angalia sana: huku ni nchi ya migodi. Mto unaotoka upande wa mgodi au kiwanda, au maji yenye rangi ya kijani-buluu, yaache hata koo likikauka. Moto unaua vijidudu, hauondoi shaba wala kobalti. Kilima kinachokosa miti ghafla katikati ya miombo, chenye majani mafupi na maua tu, mara nyingi kina shaba ardhini. Usichimbe maji hapo.

Sasa nyama. Usikimbize swala, utapoteza jasho bure. Panya wa porini ndio wanaopatikana, na mtego wao ni jiwe bapa la kilo tano hivi na vijiti vitatu vikavu, vinene kama kidole.

Kijiti cha kwanza, sentimita 20, husimama wima: kichwa chake kichonge kama patasi, na ubavuni, katikati, kikate pembe kali. Cha pili, sentimita 20 pia, hukaa mshazari: kata mkato sentimita 4 kutoka ncha ya juu, ukae juu ya kichwa cha kile cha kwanza, ncha ya chini ichonge nyembamba. Cha tatu, sentimita 30, hulala: mkato mmoja nyuma kabisa unashika ncha ya chini ya mshazari, mwingine ubavuni unaikamata ile pembe ya kijiti cha wima. Ncha ya mbele, yenye chambo, huingia chini ya jiwe. Jiwe hulalia ncha ya juu ya mshazari. Panya akivuta chambo, mkato unaachia na vyote vinaanguka.

Mtego usipoanguka, mikato ni mirefu mno: ipunguze mpaka ishike kwa shida. Ukianguka wenyewe, mara nyingi kijiti cha wima kimezama kwenye udongo laini. Kiweke juu ya kijiwe bapa. Panya akitoroka, chini ya jiwe pana mashimo: sawazisha ardhi, igongegonge iwe ngumu.

Chambo ni mchwa, karanga au punje za mahindi zilizosagwa kidogo na kufungwa kwa uzi wa gome, maana chambo kisichofungwa kinaliwa bila mtego kusikia. Tega kwenye vijia vyembamba ndani ya majani na chini ya vichuguu vikubwa. Mtego mmoja ni bahati nasibu. Tega kumi kabla ya jua kuzama, uikague alfajiri, kabla siafu hawajafika.

Usimshike panya kwa mkono wenye kidonda, kwani wanyama wadogo hawa wanaweza kubeba ugonjwa wa mpox (ndui ya nyani). Mbebe kwa kijiti, mbabue manyoya motoni, tupa matumbo mbali, mpike mpaka nyama isibaki na wekundu hata kwenye mfupa. Mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimle, na uyoga usioujua uache: wenye sumu kali hauonyeshi kitu kwa saa kadhaa, na kuupika hakuuondolei sumu.

Kila asubuhi panda kichuguu kirefu utazame moshi. Ukikuta alama ya gurudumu la baiskeli na vumbi jeusi, hiyo ni njia ya wachoma makala (makaa). Ifuate, maana alama zilizozama zaidi ni za mizigo inayokwenda barabarani. Kabla ya kuondoka, angusha mawe ya mitego yote kumi, mtoto anayeokota kuni asije akavunjika vidole.