Namna ya Kutengeneza Matofali Mepesi ya Saruji na Polistairini

Tofali jepesi la polistairini ni tofali la saruji ambalo kokoto zake zimeondolewa, na nafasi yake kuchukuliwa na punje za lile povu jeupe linalozungushiwa friji na televisheni zikiwa ndani ya maboksi. Punje hizo huwa na kipenyo cha milimita 2 hadi 5, na karibu asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa, ndiyo maana tofali lake huwa jepesi na hupitisha joto kwa shida. Tofali la sentimita 40 kwa 20 kwa 20 lisilo na tundu, ambalo kwa zege la kokoto lingekaribia kilo 38, hapa huwa na kilo 7 au 8 tu. Wepesi huo una gharama yake, kwani nguvu hupungua pamoja na uzito. Kwa hiyo yatumieni matofali haya kuziba kuta baina ya nguzo na mihimili ya zege lenye nondo, wala msiyabebeshe sakafu ya juu.

Kazi yote iko kwenye kuchanganya. Punje hazinywi maji, huelea, na zikikutana na saruji kavu hujitenga nayo, kisha kila punje isiyovikwa uji wa saruji hubaki kuwa shimo ndani ya tofali. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, pimeni takriban lita 150 za punje na lita 20 za maji, bila mchanga. Punje zitangulie kwenye mashine, zimwagiwe theluthi ya maji yaliyokorogwa na gundi kidogo ya akiriliki, na zizungushwe hadi zote zilowe. Ndipo saruji inyunyizwe kidogo kidogo, ikipishana na maji yaliyobaki. Fundi anayeanza na saruji, kama alivyozoea kwenye zege, atapata mabonge ya kijivu huku punje nyeupe zikirukaruka juu yake.

Chukua konzi moja ya mchanganyiko na uifinye. Ukiwa sawasawa, utashikamana na kuacha rangi ya kijivu kiganjani bila maji kupenya kati ya vidole, na hutaona punje hata moja iliyo nyeupe. Kipimo cha pili ni mizani: ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanganyiko mbichi inapaswa kuwa na kilo 11 hivi, bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Ikizidi sana, punje ni chache.

Kalibu zipakwe maji ya sabuni au mafuta ya kula kwa wepesi, kamwe si dizeli wala petroli, kwa sababu mafuta hayo huyeyusha polistairini na kuacha uso wa tofali ukiwa na vishimo. Jazeni kwa matabaka ya sentimita 5 hadi 7, mkishindilia kila tabaka kwa kipande cha ubao. Mashine ya kutetemesha zege iwekwe kando, maana hupandisha punje juu na kushusha saruji chini. Anayetilia shaka akate tofali moja kwa msumeno aone ndani.

Baada ya saa 24 toeni matofali, yafunikeni kwa nailoni kivulini na kuyaweka yakiwa na unyevu kwa siku 7, kisha yaacheni yakauke hadi siku ya 28. Matofali haya husinyaa zaidi ya yale ya kokoto, na yakijengwa mabichi ukuta hupasuka kwenye viungo. Viungo vyenyewe viwe vyembamba, kwa kuwa joto hupita kwenye udongo wa saruji kwa urahisi kuliko kwenye tofali.

Polistairini hulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi na huungua kwa moshi mweusi, hivyo pigeni lipu pande zote mbili, ya unene wa milimita 15 au zaidi, yenye wavu ndani yake. Nyaya za umeme zipitishwe kwenye mabomba: polistairini ikigusana na ganda laini la waya kwa muda mrefu hunyonya kilainishi chake, na ganda hilo hukakamaa na kupasuka.