Mhandisi anayetaka kufundisha hisabati: aanzie wapi

Kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta mtihani wa zamani wa Hisabati wa Kidato cha Nne wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na uufanye kwa saa 3 bila kikokotoo. Maswali ni 14, yote ya lazima: 10 ya Sehemu A yana alama 60, na 4 ya Sehemu B yana alama 40. Watahiniwa hawaruhusiwi kikokotoo, wanaruhusiwa kitabu cha majedwali. Hapo mhandisi hukwama, kwa sababu hatua alizofundishwa shuleni zilishamezwa na mashine.

Chukua 0.0356 × 27.4, izidishwe kwa logi (logariti). Kikokotoo kitakuambia logi ya 0.0356 ni karibu −1.449. Mwanafunzi haandiki hivyo. Anafungua jedwali kwenye 3.56, anapata .5514, kisha mbele ya nukta anaandika 2 yenye mstari juu, ambayo darasani huitwa "baa mbili". Logi ya 27.4 ni 1.4378. Desimali zikijumlishwa zinatoa .9892, namba nzima, −2 na 1, zinatoa baa moja. Jedwali la antilogi linampa 9.754, kwa hiyo jibu ni 0.9754. Wengi hukosea kwa kudhani ule mstari unafanya hata desimali kuwa hasi. Fanya mazoezi ya kulieleza hilo kwa sauti, mbele ya mtu asiyejua, mpaka aelewe.

Upande wa vyeti, shahada ya uhandisi peke yake haitoshi. Unahitaji stashahada ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pia, ambacho kinamfaa aliye kazini bado. Utasoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia, kisha utakwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Usilipe ada kabla hujapeleka nakala ya matokeo yako ya chuo na kupata jibu la maandishi kwamba utaruhusiwa kuchukua hisabati kama somo la kufundishia. Orodhesha mwenyewe kozi za kalikulasi, matriki, takwimu na milinganyo tofautishi ulizosoma. Majina ya kozi za uhandisi huwa hayajielezi.

Kwa kazi ya serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huita nafasi ya mwenye shahada Mwalimu Daraja la III C, ngazi ya mshahara TGTS D. Soma mstari wa sifa neno kwa neno, na angalia kikomo cha umri, ambacho kwa kawaida ni miaka 45. Shule binafsi nyingi zitakutaka ufundishe kipindi kimoja wakikutazama.

Kipindi ni dakika 40, na mhandisi huharibu kwa kutaka kumaliza mada. Weka dakika 5 za kukumbusha, 10 za mfano mmoja tu, 20 za wanafunzi kufanya wenyewe nawe ukipita kwenye madawati, 5 za kusahihisha ubaoni. Mfano utoe kazini kwako. Kwa mwinamo, chora bomba la maji taka lenye urefu wa mita 6 linaloshuka 1 kwa 40, yaani mita 1 kwa kila mita 40, waulize mwisho wake uwe chini kwa kiasi gani. Wataandika 6 ÷ 40 = 0.15, halafu watanyamaza. Subiri. Atatokea mmoja aseme ni sentimita 15, na hapo ndipo somo limeanza.

Kwa Kidato cha Kwanza, kumbuka wengi wametoka kusoma hisabati kwa Kiswahili. Anayejua magazijuto (mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa) vizuri anaweza kushindwa swali kwa kutolielewa neno la Kiingereza tu, kwa hiyo kila mada ianze na maneno yake ubaoni kwa lugha zote mbili.

Ukisahihisha madaftari, toa alama za njia mbali na alama za jibu, na zungushia mstari ule wa kwanza ulioharibika. Alama nyekundu ya X kwenye jibu la mwisho haumwambii mtoto alipopotea.