Kutia Visanduku vya Kujazia katika Fomu ya Word

Fomu nyingi zinazoletwa steshenari hapa Wete, Pemba, zimepigwa kwa safu za nukta. Mtu akizijaza kwa kompyuta, kila herufi anayoandika huzisukuma nukta mbele, hata mwenye majina matatu marefu anapomaliza kuandika lake, mstari umeshavunjika na nafasi ya saini ya sheha imeangukia ukurasa wa pili peke yake. Dawa yake ni kuzifuta nukta na kutia mahali pake visanduku vya kujazia, ambavyo vimo ndani ya Word tangu toleo la 2007, ingawa kichupo chake hufichwa. Ili kukitoa, katika toleo la 2010 na yaliyofuata, fungua File, kisha Options, kisha Customize Ribbon, na utie tiki penye neno Developer katika orodha ya kulia.

Tuchukue mfano wa fomu ya kuombea barua ya utambulisho wa mkaazi. Weka kishale mahali pa jina, ukabonyeze Plain Text katika kichupo hicho kipya. Usichukue Rich Text, kwani hicho humwachia mjazaji kupaka rangi neno mojamoja, na fomu ikarudi imepambwa kama kanga ya harusi. Kisanduku kikiwa bado kimechaguliwa, bonyeza Properties, kipe kichwa "Jina kamili", na utie tiki penye Content control cannot be deleted. Wengi huiruka hatua hii, halafu hushangaa kisanduku kimefutika pamoja na jina lililokosewa.

Kwa wilaya, tumia Drop-Down List. Ndani ya Properties bonyeza Add, ukaingize wilaya zote 11 za Zanzibar, moja baada ya moja: Mjini, Magharibi A, Magharibi B, Kaskazini A, Kaskazini B, Kati na Kusini kwa Unguja, Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani kwa Pemba. Kazi hii inachosha, lakini hufanywa mara moja tu, na baada ya hapo hakuna atakayekuletea Chake Chake kwa tahajia tatu tofauti. Shehia ni nyingi zaidi, kwa hiyo hapo inafaa Combo Box, ambayo humruhusu mtu kuandika mwenyewe asipoliona jina analolitaka.

Kisanduku cha tarehe kipangiwe siku kwanza, yaani dd/MM/yyyy, kwa sababu kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, na tarehe 3 Julai ikasomeka 7/3. Visanduku vya tiki viachiwe viambatanisho, kama vile picha na nakala ya kitambulisho; visitumike kwa mume au mke, kwani kutia tiki kimoja hakukiondoi cha pili.

Mwisho ifunge fomu. Bonyeza Restrict Editing, ruhusu Filling in forms peke yake, kisha anza ulinzi kwa neno la siri utakalolikumbuka. Hifadhi faili kama kiolezo cha .dotx, ili kila anayekibofya mara mbili apate nakala mpya na cha asili kibaki kitupu. Kabla ya kumkabidhi mwenyewe, jaza nakala moja kwa jina refu kuliko yote unayoyajua, uichapishe, na utazame saini ya sheha imeangukia wapi.