Kabla hujaenda SUA kusoma kilimo au misitu

Wengi huandika kilimo kama chaguo la tatu, baada ya udaktari na famasia, kisha wanafika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wakidhani kazi ni jembe na miche. Semesta ya kwanza inawapokea kwa kemia, hesabu na takwimu. Kwa hiyo, wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, la kwanza kabisa ni kufufua hesabu. Kama uliichukulia BAM, yaani hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita, kwa mzaha, irudie sasa hivi, maana bila takwimu huwezi kusema kwa uhakika kwamba mbolea fulani imeongeza mavuno au ni mvua tu ilikuwa nzuri mwaka huo.

Pili, usijaze fomu kwa kufuata marafiki. Chuo hiki, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinafundisha pia misitu, wanyamapori, ufugaji samaki, uchumi wa kilimo, uhandisi na tiba ya mifugo. Shahada ya misitu ni miaka 3, tiba ya mifugo ni 5. Masharti ya masomo hutofautiana, kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika usome programu moja moja.

Misitu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kazi yake kubwa ni kupima. Unasimama kwenye mti, unapima mita 1.3 kwenda juu kutoka ardhini, na kama ni mteremkoni unaanzia upande wa juu. Unazungusha futi kamba bila kuilegeza, unasoma mzingo, unagawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha takriban 30. Halafu mti unaofuata, na unaofuata, mpaka eneo lote liishe, na mwenzako anaandika. Jaribu leo kwenye miembe ya nyumbani. Ukiona inakuchosha baada ya miti kumi, ni heri ujue mapema.

Jaribu na udongo pia. Chukua konzi moja, lowesha kidogo, kanda, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Wa mfinyanzi hutoa utepe mrefu. Wa kichanga hukatika papo hapo. Na kama kwenu kuna mzee anayeijua miti, tembea naye porini uandike majina yote anayoyataja. Darasani utadaiwa majina ya kisayansi, mninga utakuwa *Pterocarpus angolensis* na mpingo *Dalbergia melanoxylon*, lakini anayeujua mti kwa gome, jani na harufu hana shida ya kukariri. Hiyo ni hazina ambayo wanafunzi wa mjini wanaikosa, na mimi naona ina thamani kuliko kitabu chochote utakachonunua mwezi huu.

Vifaa ni vichache: gambuti, koti la mvua, kikokotoo cha sayansi, daftari gumu, na penseli badala ya kalamu, kwa sababu wino ukinyeshewa hufuta kazi ya siku nzima. Mabinti na wavulana wote, suruali ndefu nzito na shati la mikono mirefu. Upupu hauchagui, na kupe vilevile. Chandarua usikiache.

Kuhusu fedha, omba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, dirisha likifunguka, ukiwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Lakini usitegemee bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, siku unayoshuka kwenye basi. Beba akiba ya chakula ya wiki za mwanzo. Uliza mapema pia gharama za mafunzo kwa vitendo, maana unaweza kupangiwa mbali na Morogoro.

Kisha ajira. Ajira ya serikali ni ya kushindania, na wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Zungumza na wazazi waelewe hilo kabla hawajauza ng'ombe. Halafu mtafute afisa ugani wa kata yenu au afisa misitu wa wilaya, umwombe uambatane naye siku nzima. Mwulize amesoma nini, nini kilimsaidia alipofika kazini, na ni kazi gani zipo nje ya serikali katika eneo lenu: vitalu vya miche, ufugaji nyuki, maduka ya pembejeo, mashamba ya miti. Fanya hivyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha chuo.