Kabla ya kumpangia mgonjwa wa kisukari chakula, ifahamu nyumba yake

Katika nyumba moja mtaani Manyatta, Kisumu, nilikuta karatasi ya kliniki imebandikwa ukutani: tufaha, mkate wa ngano isiyokobolewa, maziwa yaliyoondolewa mafuta. Nyanya aliyepewa karatasi hiyo alikuwa akisonga ugali wa kutosha yeye na wajukuu wanne. Kitaalamu karatasi haikuwa na kosa, ila iliandikiwa nyumba nyingine.

Kwa hiyo wewe unayemtunza mgonjwa, uwe mhamasishaji wa afya ya jamii, muuguzi au jamaa yake, usianze kwa kumwambia ale nini. Anza kwa kuuliza ni nani anayenunua chakula, ni nani anayepika, ni nani anayekula mwisho, na pesa huingia saa ngapi. Usimuulize mbele ya watu kama alilala njaa, kwa maana mzee mwenye heshima zake atakana. Muulize kilichopikwa jana mchana na jioni, kisha usikilize.

Swali la pesa ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linagusa uhai. Mtu anayeishi kwa kibarua, au anayeuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye, mara nyingi hupata pesa ya chakula jioni. Akijidunga insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya taratibu pamoja) asubuhi kisha ashinde na chai ya rangi peke yake, sukari yake ya damu inaweza kushuka hadi chini ya 4 mmol/L mchana: atatetemeka, atatokwa na jasho na kuanza kuchanganyikiwa. Akishaogopa hali hiyo, ataanza kuiruka sindano bila kumwambia mtu, nayo sukari itapanda. Watu kama hawa huitwa wakaidi, na hilo huniuma, kwa sababu hawana ukaidi wowote; wanachagua kati ya hatari mbili. Mwombe mgonjwa amweleze daktari waziwazi kwamba kuna siku hana chakula cha asubuhi, ili daktari ndiye abadilishe dawa, kipimo au saa. Vidonge vya kisukari viitwavyo glibenclamide navyo huweza kushusha sukari mtu asipokula. Mfundishe pia kufunga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye karatasi na kutembea navyo. Dalili zikianza, avikoroge katika maji anywe, apimwe tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa sukari haijapanda, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitalini.

Ukishajua hayo, njoo kwenye sufuria. Mgonjwa hahitaji chakula chake peke yake, na kumpikia kando kunagharimu makaa na kumfanya ajione ametengwa. Mweleze anayepika, mgonjwa akiwepo, kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, na robo iwe omena, maharagwe au samaki. Mnavu, ambao Waluo huuita osuga, kunde na sukuma wiki vinafaa na hupatikana kwa mama mboga wa karibu, na mlo huo ni mwema hata kwa watoto. Wanapokula pamoja katika sinia moja hakuna awezaye kupima, basi mgonjwa apakuliwe sahani yake: kipande cha ugali kama ngumi yake. Wengi huamini kwamba ugali wa wimbi au mtama hauna kipimo kwa mwenye kisukari. Una kipimo, kwa kuwa nao ni wanga, na uji wa wimbi uliotiwa sukari huipandisha sukari ya damu haraka.

Matangani ni vigumu zaidi. Huko mtu hukaa siku kadhaa, chai huja na sukari tayari, na kukataa kikombe huonekana kama kuwadharau wafiwa. Mgonjwa amtafute mapema mmoja wa wanaopika, amwombe amtengee chai kabla haijatiwa sukari, na abebe dawa zake za siku zote atakazokaa.

Rudi kumtembelea baada ya wiki mbili, saa ya kupika. Ukikuta mboga imepungua na ugali umeongezeka, usimkaripie. Uliza wiki hiyo kazi ilikuwaje.