Kipimo cha damu kwa jeraha dogo la kichwa: kitumike lini na kisomwe vipi

Kipimo hiki hujibu swali moja tu: je, mgonjwa huyu anaweza kuachwa bila CT skani? Hakisemi iwapo ubongo umetikisika, wala hakichukui nafasi ya tabibu, kwa hiyo anza kwa kumkagua mgonjwa. Hesabu alama za Glasgow, zinazopima kiwango cha fahamu, kwa kuwa kipimo kimekusudiwa mtu wa miaka 18 au zaidi mwenye alama 13 hadi 15. Mwenye fuvu lililobonyea, aliyepata degedege, anayezidi kupoteza fahamu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe skani moja kwa moja.

Kisha uliza ajali ilitokea saa ngapi, na usiridhike na jibu la "asubuhi". Kwetu pana mtego mwingine: "saa tatu" ya mgonjwa ni 3:00 kwenye faili la asiyekuwa makini, kumbe ni 9:00. Muda una uzito kwa sababu protini mbili zinazopimwa haziendi kwa mwendo mmoja. UCH-L1, itokayo kwenye seli za neva, hufikia kilele takriban saa 8 baada ya jeraha, ilhali GFAP, itokayo kwenye seli zinazozitegemeza, hukawia hadi karibu saa 20. Kipimo kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kilitaka damu ichukuliwe ndani ya saa 12. Katriji ya mwaka 2024 ya i-STAT, mashine ndogo ya kupimia damu kando ya kitanda, inaruhusu saa 24 na hutoa jibu kwa takriban dakika 15.

Chukua damu ya vena kwenye chupa yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, uipindue polepole mara kadhaa bila kuitikisa. Katika katriji hiyo mpaka ni pikogramu 65 za GFAP na 360 za UCH-L1 kwa mililita. Hata protini moja ikifikia mpaka wake, jibu lote husomwa kuwa limepanda na skani inafuata. Zote mbili zikiwa chini, uwezekano wa skani kuonyesha damu ni mdogo sana. Jibu lililopanda, hata hivyo, si ushahidi wa damu kichwani: katika utafiti wa idhini ya 2018, takriban wawili kati ya kila watatu wenye skani safi walikuwa na jibu la kupanda.

Wanaofuata mwongozo wa Skandinavia wa 2013 hutumia protini nyingine, S100B, ndani ya saa 6, mpaka ukiwa mikrogramu 0.10 kwa lita. Protini hiyo imo pia kwenye mafuta ya mwili na inaweza kupanda kwa jeraha lisilo la kichwa, hivyo haifai kwa aliyevunjika paja.

Unapomruhusu mwenye jibu la chini, mwambie yeye na aliyemleta kwamba huenda bado ana mtikisiko wa ubongo, na arudi mara moja akitapika tena, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kuuma.