Kuhesabu mishipa ya damu kwenye slaidi ya saratani ya kinywa

Mwongozo huu ni wa wenzangu wa maabara wanaoanza kusoma slaidi za kinywa, na wa madaktari wa meno wanaotuletea vinyama, yaani vipande vya tishu vilivyokatwa ili kupimwa. Huku Tanga vinakuja vya wazee waliotafuna tambuu tangu ujanani na vya watu wa ugoro. Popoo ya kwenye tambuu pekee, hata bila tumbaku, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Uvimbe mchanga hujilisha kwa mishipa iliyopo jirani. Ukipita milimita 1 au 2, oksijeni haifiki katikati, na seli zake hutoa protini kama VEGF zinazochipusha mishipa mipya. Hoja kwamba uvimbe hauwezi kukua bila mishipa hiyo aliitoa daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, mwaka 1971. Mwaka 1991 mwanapatholojia Noel Weidner na wenzake walionyesha, katika saratani ya matiti, kwamba wingi wa mishipa midogo ulikwenda pamoja na kusambaa kwa ugonjwa. Njia yao ya kuhesabu ndiyo tunayoifuata.

Hatua ya 1: kinyama. Kikatwe ukingoni mwa kidonda, si katikati penye tishu iliyokufa. Kiingie papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kuizuia isiwe na asidi), ujazo wake angalau mara 10 ya kinyama. Kwa joto la pwani, kinyama kilichofungwa kwenye shashi kavu huharibika upesi, na hakuna rangi itakayokifufua. Kikae saa 6 hadi 72. Kama kinasafirishwa kwa basi kwenda Dar es Salaam, andika kwenye fomu saa kilipoingia fomalini.

Hatua ya 2: kukata na kutia rangi. Unene ni mikroni 4. Kingamwili (protini inayonasa alama ya seli fulani ili ipakwe rangi) ya kuanzia ni CD34, inayotia kahawia kuta za ndani za mishipa, mipya na ya zamani. CD105 hushika zaidi mishipa inayochipuka. Weka slaidi ya tonsili kama kidhibiti, kuhakikisha rangi imeshika.

Hatua ya 3: kutafuta penye msongamano. Hapa usiwe na haraka. Anza na lenzi ndogo, pitia slaidi nzima, kisha chagua sehemu tatu zenye mishipa mingi kuliko kwingine, ndani ya uvimbe au ukingoni unapovamia. Saratani ya kinywa ina mtego ambao titi halina sana: uso wake mara nyingi una kidonda, na chini ya kidonda chochote kuna nyama changa ya kupona iliyojaa mishipa mipya. Mishipa ile ni ya kidonda. Ukiihesabu, utampa mgonjwa ugonjwa mkali asio nao. Ondoka pale, shuka chini. Epuka pia tezi ndogo za mate na sehemu zilizokufa.

Hatua ya 4: kuhesabu. Tumia ukuzaji wa mara 200. Seli moja ya kahawia, au kikundi chake kilichojitenga na vingine, ni mshipa mmoja, hata kama huoni tundu wala chembe nyekundu za damu. Mshipa wenye ukuta mnene wa misuli uache. CD34 hupaka pia seli nyembamba za tishu unganishi, kwa hiyo uzi mmoja wa kahawia usio na umbo la mshipa usikuhadae. Wahesabu watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua habari za mgonjwa. Wakitofautiana sana, wakae pamoja kwenye hadubini.

Hatua ya 5: eneo. Gawanya namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho kwa ukuzaji wa lenzi ya chini, iliyo karibu na slaidi. Lenzi ya jicho yenye 18, na lenzi ya chini ya mara 20, inaonyesha duara la kipenyo cha milimita 0.9, yaani eneo la milimita za mraba 0.64. Yenye 22 inaonyesha eneo la 0.95. Mishipa 42 kwenye ya kwanza ni 66 kwa milimita ya mraba. Kwenye ya pili ni 44. Ripoti isiyotaja eneo haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.

Hatua ya 6: ripoti. Kwa saratani ya kinywa tafiti hazikubaliani: baadhi ziliona mishipa mingi ikienda na tezi za shingo kuvamiwa na mgonjwa kuishi muda mfupi, nyingine hazikuona uhusiano. Hakuna kiwango kimoja cha kutenganisha nyingi na chache. Kwa hiyo nasisitiza: kwanza andika kina cha uvamizi, ukipime kutoka usawa wa utando wa chini wa ngozi ya jirani isiyo na ugonjwa, si kutoka juu ya uvimbe. Milimita 5 na 10 ndizo mipaka ya mfumo wa kupanga hatua za ugonjwa. Kisha kingo za upasuaji, tezi za shingo, na kama saratani imetoboa ganda la tezi. Hesabu ya mishipa ije mwisho, pamoja na jina la kingamwili na eneo.

Ndugu wa mgonjwa akikuuliza dirishani, "Mwanangu, hiyo mishipa mingi maana yake anakufa?", mjibu: "Hapana mama, hesabu hiyo peke yake haisemi hivyo. Daktari ataisoma pamoja na shingo na kina cha kidonda. Muwahisheni kliniki wiki hii."